Vidoti vya Kijani vya Mumina

Kabla hamjanipa hongera za kustaafu, niacheni kwanza niwape wasiwasi wangu, maana ndio mali niliyotoka nayo kazini. Wanafunzi waliniita Mwalimu Itakuwaje, na hawakunionea. Pikipiki ikichelewa, itakuwaje? Mvua ikinyesha huko juu milimani, maji yakatufikia bila taarifa, itakuwaje? Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nikifika mbinguni nitauliza kwanza kama paa limekaguliwa.

Nimesikia ninyi walimu vijana mmepewa masomo mapya ya simu, yenye picha zinazosogea na sauti inayouliza na kusubiri jibu, na kwamba mkikaa ofisini Hola mnaona mwanafunzi wa Bura amefika somo la ngapi. Nimefurahi kwa ajili yenu. Moyo pia umenidunda, kwa sababu na mimi nilikaa mbele ya kioo cha namna hiyo, hapa hapa Garsen, nikakiamini kuliko nilivyomwamini mtu, na nusura mtoto wa watu aponzwe na kosa langu. Nitafika huko. Mnivumilie tu, mimi nikisimulia napitia vichochoroni.

Kazi hii ya kusomesha watu wazima niliipokea kwa Mwalimu Komora, mzee wa Kipokomo mwenye miguu mirefu na subira ndefu zaidi. Enzi hizo tuliita gumbaru, na gumbaru ilikuwa ubao mmoja uliofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Mwanafunzi akiwa shambani anaamia ndege wasile mpunga, Komora alimfuata huko huko, akapiga kelele za kufukuza ndege pamoja naye, na katikati ya zile kelele akamsomesha. Mimi nilikuwa msichana mwenye haraka. Mtu akianza kusoma neno, tayari nimeshalimaliza mimi. Komora alinivuta kando siku moja akaniambia, "Binti yangu, wewe wahi kusikia kabla hujawahi kusahihisha." Nikadhani ni maneno ya mzee anayetaka kupumzika.

Shida ya kufundisha watu wazima ni kwamba wana kazi zao. Kitabu cha mahudhurio kina majina ishirini, darasani wako watatu, na mmoja amesinzia. Maji yakishuka mtoni, mkulima anakimbilia kupanda. Nyasi zikiisha, mfugaji anahama na ng'ombe, na ng'ombe humwambii asubiri mpaka herufi ziishe. Kwa hiyo masomo yalipoingizwa kwenye simu, miaka michache kabla sijastaafu, nilikuwa wa kwanza kuyapigia makofi. Mwanafunzi anabeba darasa lake mwenyewe. Hana mtandao? Somo limo ndani ya simu tayari. Majibu yake yanajihifadhi, na siku akipita mahali penye mtandao yanakwenda yenyewe, nami kwenye tableti yangu naona kidoti kando ya jina lake. Kijani, amejibu sawa. Nyekundu, amekosea. Kijivu, hajafungua.

Tulianza kwa kuharibu, kama ilivyo ada. Masomo yale ya kwanza yalikuwa na milio. Ukijibu sawa unapigiwa vigelegele. Ukikosea inalia honi, paaap, kama lori la ng'ombe linalotaka kupita sokoni. Ofisini tulicheka sana, tukaona tumeleta uchangamfu. Basi kulikuwa na mzee mmoja wa Minjila, mkulima, mwenye wajukuu saba, aliyefungua somo la kwanza barazani kwake baada ya chakula cha mchana. Honi ililia mara nne. Ya tano hakuingoja. Wajukuu waliipiga wenyewe kwa midomo. Kesho yake simu tuliyomwazima ilirudi ofisini kwa bodaboda, imefungwa ndani ya leso safi, na ujumbe wa mdomo: "Mwambieni mwalimu mashine yake haina adabu." Nilimwendea kuomba radhi. Alinipa chai, akanipa ndizi mbivu, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, na simu hakuigusa tena mpaka leo.

Ninyi mtakaotengeneza masomo mliweke hilo moyoni. Mtu mzima akikosea, aambiwe yeye peke yake, tena kwa sauti ya chini, na apewe nafasi ya kujaribu tena. Huko Bura nako nilifundishwa jambo lingine. Wakulima wa mifereji wana vidole vilivyokomaa kwa jembe, na kioo cha simu hakivisikii. Mama mmoja alibonyeza, akabonyeza, akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, hii simu inabagua wakulima?" Nikamwambia alowanishe kidole kidogo, ikakubali. Nikaomba vitufe viwe vikubwa, na ule mchezo wa kuburuta picha kutoka huku kwenda kule uondolewe kabisa, maana picha zilikuwa zinaachwa njiani. Na tafadhali yajaribuni masomo yenu juani saa sita mchana. Chini ya feni kila kioo kinasomeka.

Lakini baada ya yule mzee wa Minjila mimi niliziogopa nyekundu kupita kiasi. Nikiona safu ya kijani, nashusha pumzi. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Mumina alikuwa mwanamke wa Kiorma, miaka thelathini na kitu, kutoka kijiji cha wafugaji ndani ya delta. Kiangazi ni nusu saa kwa pikipiki kutoka Minjila; masika ni habari nyingine. Alikuwa akija Minjila kuuza maziwa. Wanakijiji wake walimchagua awe mhudumu wa afya wa kijiji, kwa sababu zahanati iko mbali na mafuriko yakija hakuna atokaye wala aingiaye. Sharti lilikuwa moja tu: ajue kusoma maelezo ya dawa na kupima kipimo kinachostahili. Masomo yetu ya kusoma yalipitia huko huko kwenye afya. Sauti inauliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiorma. Picha ya mtoto inatokea na umri wake umeandikwa. Wewe unachagua tembe ngapi, maji kiasi gani, pakiti ipi imepitwa na tarehe.

Sanduku lake la dawa lililetwa kituoni kwangu. Ndani mlikuwa na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayehara, tembe za zinki, bandeji na kipimajoto. Niliambiwa nikiridhika kwamba Mumina anajua, nimkabidhi, nisiporidhika, likae. Uamuzi ulikuwa wangu peke yangu. Mnanijua sasa, mnaweza kudhani nililipokeaje jambo hilo.

Nikatazama vidoti vyake. Masomo thelathini, kijani thelathini. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuchimba. Hajakosea hata mara moja? Mimi mwenyewe, mwalimu, nilikosea maswali mawili katika somo la kumi. Na kila somo lilifunguliwa saa ile ile ya jioni, baada ya kukamua, likaisha kwa muda ule ule. Mtu anayejifunza hujikwaa. Huyu hajikwai. Basi nani anabonyeza? Itakuwaje nikimpa sanduku mtu anayebonyezewa na mwingine, kisha ampe mtoto mchanga tembe nzima badala ya nusu? Chakula kilinishinda. Nikafunga sanduku nyuma ya pikipiki, nikaenda kumwona kwa macho yangu.

Nilipokelewa vizuri. Nilikalishwa, nikapewa chai ya maziwa, na wanawake wakakusanyika. Mwenye kikao alikuwa Hawa, mama mkwe wa Mumina, bibi mwembamba mwenye fimbo na macho makali. Mumina alikaa nyuma yake, ameinamisha kichwa, ushungi umemfunika nusu ya uso. Niliuliza mnasomaje. Hawa ndiye aliyejibu.

"Simu ni yangu. Jioni sisi nakaa wote hapa. Simu nauliza. Mimi nasema, hawa wanawake nasema, sisi nakubaliana. Halafu Mumina nafinya."

"Na kama Mumina anaona jibu ni lingine, mama?"

Alinitazama kama niliyeuliza kama ng'ombe hupanda miti. "Yeye nafinya," akasema.

Hapo nikajua kile kijani ni cha nani. Kilikuwa cha baraza zima la wanawake, na mbele yao yule bibi, ambaye hata herufi hajui lakini amelea watoto tisa na anasikiliza vizuri. Kwa mfugaji, nimekuja kuelewa, habari ya maji au ya nyasi haikaliwi na mtu mmoja. Huletwa, ikajadiliwa, ikakubaliwa na wote. Sisi tulitengeneza somo la kidole kimoja, wao wakalisoma kwa namna wanayojua. Si kosa lao. Ila nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja, na sanduku la mtu mmoja.

Nikageukia nyuma. "Mumina, mtoto ana miezi minne, anahara. Zinki tembe ngapi?"

Hawa akasema, "Nusu."

"Mama, samahani," nikasema, "naomba ajibu mwenyewe."

Hawa akafunga mdomo. Hakuondoka, alifunga mdomo tu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Nikauliza tena. Mumina alikuwa anatazama mchanga. Nikatoa pakiti, nikamwonyesha tarehe, nikamwuliza hii bado ni nzima? Akauvuta ushungi. Nikauliza mara ya tatu, na sauti yangu ilipanda, nakiri, ilipanda kama ya mwalimu wa chekechea. Wanawake wengine wakaanza kusonga vikombe. Mumina hakutamka hata neno.

Nikafunga sanduku. Nikasema kwa upole, ule upole wa uongo tunaoujua walimu, kwamba ataendelea kusoma kidogo na nitarudi. Nikalifunga nyuma ya pikipiki, nikaondoka nalo. Njiani nilijipongeza. Nilijiambia, Mwalimu Itakuwaje, leo umeokoa mtoto.

Hebu ngojeni niwaambie jambo la aibu. Mimi niliolewa kijijini Ngao, na mwaka mzima wa kwanza sikuthubutu kula mbele ya mama mkwe wangu, seuze kumpinga. Aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba mimi sijui kupika wali wa nazi, nami nilikuwa naujua kuliko yeye, nikanyamaza nikatazama mchanga. Mchanga uleule! Mtu yeyote wa mto au wa malisho angeuelewa ukimya wa Mumina. Mimi nilikuwa nauelewa tangu siku ya ndoa yangu, lakini nikiwa nimebeba tableti kwapani nilisahau kwamba mwenye kidole ni mkwe wa mtu.

Kesho yake mvua ikaanza. Ilinyesha huku, ikanyesha juu pia, na siku ya tatu mto ukatoka nje ya kingo zake. Sanduku lilikuwa nyumbani kwangu, chini ya meza. Nilikuwa nafungua tableti kila saa kutazama kama Mumina amefungua masomo ya marudio niliyomwekea. Kijivu. Asubuhi kijivu, mchana kijivu. Nikajisemea amenuna, au simu haina chaji. Walikuwa wanaichaji Minjila, kwa kinyozi mwenye umeme wa jua, siku za kuuza maziwa.

Siku ya sita alikuja Saumu, msichana wa Hola aliyekuwa akitutengenezea mitambo. Tableti yangu ilikuwa inakwama. Aliigusagusa kidogo, akacheka.

"Teacher, imejaa ndio maana. Ona hizi sauti ziko mob hivi! Kwani hujawahi kuzicheki? Nifute?"

"Sauti gani?"

"Si hizi wanafunzi wanarekodi. Kile kitufe cha mwisho wa somo, cha kuuliza mwalimu."

Kitufe hicho nilikuwa nakijua. Kiliwekwa ili mwanafunzi akiwa na swali azungumze. Lakini sauti haikuleta kidoti. Haikuwa kijani wala nyekundu, ilikwenda kukaa katika chumba chake huko ndani, nami sikuwahi kukifungua. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeshasema "futa" nusu yake. Kilichonizuia ni wasiwasi wangu wa kawaida tu: je, nikifuta kitu cha maana? Nikamwambia afungue moja kwanza.

Ilikuwa sauti ya Mumina.

Alikuwa anatembea. Zilisikika hatua, pumzi, na madumu ya maziwa yanayogongana. "Mwalimu, mimi Mumina. Somo ya nane. Simu nauliza mtoto ya miezi minne. Nusu. Mtoto ya mwaka moja, tembe nzima. Siku kumi, isipungue, hata kama kuhara imeisha." Kisha akasoma. Alisoma maandishi ya pakiti yote, silabi kwa silabi, akajikwaa, akarudi, akasahihisha mwenyewe. Zake zilikuwa sauti ishirini na tatu. Alikuwa anarekodi asubuhi, njiani kwenda Minjila, pale anapopewa simu aipeleke kuchajiwa na yuko peke yake na madumu yake. Katika moja alisema kwamba jioni wamefinya jibu tofauti na lile ambalo yeye angechagua, na akaeleza kwa nini; halafu akakubali kwamba mama alikuwa sahihi. Katika nyingine alikosea vibaya, akacheka peke yake barabarani. Huyo ndiye mwanafunzi niliyekuwa namtafuta, mwenye kujikwaa. Alikuwa ananisubiri humo ndani tangu somo la pili.

"Teacher, cheki hii ya mwisho," Saumu akasema, na hakuwa anacheka tena.

Ilirekodiwa kesho yake baada ya mimi kuondoka na sanduku. Mvua ilisikika. "Mwalimu, jana mimi nimenyamaza. Wewe nakasirika. Mama nakaa pale, mimi siwezi ongea juu ya yeye, hata kama najua. Mimi najua. Sasa mtoto ya Asha, jirani, nahara toka alfajiri, natapika pia. Mimi napanda huku juu kutafuta mtandao. Lete sanduku, mwalimu. Maji nakuja."

Ilikuwa imefika siku ile ile. Siku sita nilikuwa naangalia kidoti cha kijivu, na chini yake, umbali wa kidole kimoja tu, mwanamke ananiita.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Niliketi chini sakafuni. Nilipiga simu ya Hawa, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Siku sita kwa mtoto anayehara na kutapika ni muda mrefu mno, ninyi mliosoma mnajua. Nililivuta sanduku chini ya meza, nikakimbilia barabarani bila kufunga mlango. Saumu ndiye aliyeufunga.

Pikipiki ilinifikisha Minjila tu. Kutoka hapo yalikuwa maji, na ikabidi nitafute mtumbwi. Nilimwuliza mpiga kafi kama mtumbwi wake umewahi kuzama. "Huu?" akasema, akiutazama. "Huu bado." Nikapanda hivyo hivyo, sanduku mapajani, viboko wakikoroma mahali nisipopaona. Saa mbili nzima nilikuwa naomba, na maombi yangu yalikuwa ya mtu mchoyo. Sikuomba mafuriko yaishe. Niliomba tu yule mtoto, ambaye sikuwa najua hata jina lake, awe hai.

Tulipokaribia nilitazama kwanza wanaume. Wanaume wakiwa wamekusanyika wamekaa chini kimya mchana, ujue kuna msiba. Niliwaona watatu. Walikuwa wamesimama, wanabishana juu ya ndama aliyekwama kwenye tope. Nikaanza kulia kabla hata sijashuka.

Mtoto alikuwa mapajani mwa Hawa. Mvulana wa mwaka mmoja na nusu, macho yameingia ndani, mbavu zinahesabika, na alikuwa anampiga yule bibi mkono ili apewe kijiko tena. Mumina alikuwa amechuchumaa mbele yao na kopo la lita moja, lile la kupimia maziwa sokoni. Maji ya kuchemsha lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta juu. Somo la kumi na mbili. Kijiko kwa kijiko, mchana na usiku, mtoto akitapika anasubiriwa kidogo kisha anaanzishiwa tena. Asha, mama wa mtoto, alikuwa amelala pembeni kwa uchovu.

"Mwalimu," Hawa akasema bila kusimama, "wewe nakuja sasa?"

Niliomba msamaha, niliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kiorma changu kibovu, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Yule bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Mumina, akamtazama mtoto, akasema, "Hii kitu ya kupima, yeye najua. Mimi nashika mtoto tu. Siku ile wewe nauliza yeye mbele yangu. Yeye najibu namna gani?"

Akamweka mtoto kwenye mkeka karibu na mama yake. Akachukua fimbo, akanyanyuka. "Mimi naenda kuona ndama," akasema. "Uliza sasa."

Wale wanaume watatu walikuwa wanatosha kwa ndama yule. Alikwenda hivyo hivyo ndani ya tope, mzee wa umri ule, akasimama mbali ambako hawezi kusikia, na akatugeuzia mgongo.

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, vijana wangu, na sijaona mwalimu aliyefanya jambo kubwa kuliko lile. Ndiyo maana nawasumbua. Vidoti muwe navyo, vinasaidia; jioni moja unaweza kujua nani amehama na nani anaumwa macho. Lakini kila wiki mchukue saa moja msikilize zile sauti, hata za mwanafunzi mwenye kijani tupu, hasa huyo. Mjue simu ni ya nani ndani ya nyumba, na nani anakuwepo inapofunguliwa. Mwanafunzi aliye mkwe wa mtu mtafutieni somo la njiani. Na lile baraza la jioni msilivunje, liwekeeni maswali yake, maana Mumina alijifunza mengi humo kuliko niliyomfundisha mimi. Hivyo ndivyo tulivyofanya baadaye. Wakati ule, hata hivyo, nilikuwa bado nimesimama na sanduku langu mikononi, sijui nianzie wapi.

Sikumwuliza Mumina swali hata moja. Nililiweka sanduku miguuni pake.

Aliinua ushungi ukafika nyuma ya kichwa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona uso mzima. Akanawa mikono. Akafungua sanduku, akatoa kila kitu kimoja kimoja juu ya kanga, akisoma kwa sauti jina na tarehe, bila haraka, huku mimi nimemeza mate yangu nisije nikamsaidia neno. Akatenga tembe ya zinki ya mtoto wa Asha, nzima, moja. Halafu akachukua pakiti za chumvi, akaziminya kwa vidole. Tatu akazirudia. Akazitikisa sikioni. Akachana moja pembeni, akanionyesha: unga umeshikana, umekuwa jiwe la manjano.

"Hizi zimekaa na maji," akasema. "Zilikuwa wapi?"

"Kwangu," nikasema. "Chini ya meza. Nyumba inavuja."

"Hii mimi siwezi patia mtoto ya mtu, mwalimu. Wewe rudi nayo."

Alitoa daftari kwenye sanduku, jipya, halijaguswa. Akaandika ukurasa wa kwanza polepole, midomo ikitangulia kalamu: pakiti tatu mbaya, mwalimu amechukua. Kisha akaligeuza daftari kwangu, akanipa kalamu.

"Andika jina yako hapa."

Nikaandika. Akalichukua, akalisoma jina langu kwa sauti, silabi kwa silabi mpaka mwisho, kuhakikisha nimeandika kweli, ndipo akafunga sanduku.